Neno Mastektomi na Mama Veneranda wa Mabamba

Wanangu mnaosomea uuguzi, nitaanza na kosa langu. Katika miaka ya sabini, nikiwa na cheti kipya na kofia nyeupe niliyoitia wanga mpaka inasimama yenyewe mezani, nilimdanganya mgonjwa. Sikukusudia. Nilikutana na neno nisilolijua, nikaona aibu kuuliza.

Neno lenyewe ni mastektomi.

Hospitali niliyofanyia kazi ilikuwa upande wa Kasulu, kilimani, na jina lake naliacha, maana kosa lilikuwa langu mimi Perpetua, halikuwa la majengo. Wauguzi tulikuwa wachache na kila mmoja alifanya kila kitu. Asubuhi unachemsha sindano za kioo, mchana unashona glavu, ndiyo, tulizishona na kuzibandika viraka, jioni unakunja chachi. Mimi nilikuwa na faida moja zaidi ya wenzangu waliotoka mbali: Kiha nilizaliwa nacho. Daktari wetu mpasuaji, Daktari Kimaryo, alikuwa mtu wa Kilimanjaro. Alikuwa akija kwetu kila baada ya miezi, anakaa wiki mbili, anapasua waliomsubiri, kisha anaondoka. Yeye alisema Kiswahili, na akina mama wengi wa vijijini walisema Kiha. Katikati yao nilisimama mimi, nikijiona mtu muhimu sana.

Siku moja akafika kwake Mama Veneranda. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mwenye mikono ya mkulima, ametoka Mabamba kule mpakani na Burundi. Alikuja peke yake na kikapu chake. Watoto saba alikuwa amewazaa na kuwanyonyesha wote. Katika titi la kushoto alikuwa na uvimbe mgumu kama kokwa, na ngozi ya juu yake imeingia ndani na kukunjamana. Haukumuuma. Alikuja kwa sababu binti yake mkubwa alikuwa amemwona akioga, akamsumbua mpaka akaja.

Daktari alimpima kimya, akampima na kwapani, akanawa mikono, akaandika katika faili. Kisha akaniambia, "Nesi, mweleze, aweke kidole kwenye karatasi ya ridhaa. Kesho kutwa tunamfanyia." Akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Nikasoma faili. Mastektomi, titi la kushoto. Kipande cha kwanza nilikifahamu, au nilidhani hivyo. Wiki iliyotangulia tulikuwa na mzazi mwenye mastaitisi, titi limejaa usaha, likapasuliwa, uchafu ukatoka, akarudi nyumbani anacheka. Nikaona "mast", nikasema moyoni, ni yale yale.

Nikakaa kitandani karibu na Mama Veneranda, nikamwambia kwa Kiha, kwa sauti tamu kabisa, kwamba watalipasua ibere, yaani titi, watatoa uchafu ulioganda mle ndani, na baada ya siku chache atarudi kulima.

"Ndiyo hayo tu?" akauliza.

"Ndiyo hayo tu, mama."

Akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu afike. Akatumbukiza kidole gumba katika wino, akakikandamiza kwenye karatasi kwa nguvu, kama mtu anayegonga muhuri.

Sasa niwajulishe kwa Bwana Ruhoza. Yeye ndiye alikuwa msimamizi wa chumba cha upasuaji. Alikuwa mtu mfupi, taratibu, mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta. Ujana wake alikuwa seminari, anasomea upadri, na huko walimfundisha Kilatini na Kigiriki. Halafu akakutana na msichana mmoja sokoni Kasulu, akiuza ndizi, na upadri ukaishia hapo. Mwenyewe alipenda kusema kwamba Kigiriki kilimsaidia kusoma Agano Jipya, na yule msichana, ambaye sasa alikuwa mama wa watoto wake, alimsaidia kulielewa.

Bwana Ruhoza alikuwa na tabia ambayo sisi vijana tuliiona ya kupoteza muda. Kila mgonjwa aliyefikishwa mlangoni pa chumba cha upasuaji, kabla hajapandishwa mezani, alimwinamia na kumuuliza, "Leo unakuja kufanyiwa nini?" Hakuuliza kama ameelewa. Alitaka mgonjwa aseme mwenyewe, kwa maneno yake.

Asubuhi ya upasuaji alimuuliza Mama Veneranda hivyo hivyo, kwa Kiha.

"Mnalipasua ibere mtoe usaha," akajibu.

Bwana Ruhoza alikuwa ameshika trei ya vyuma. Akaiweka chini taratibu, hata haikulia. "Nani kakwambia hivyo, mama?"

Mama Veneranda akaninyooshea kidole, kwa fadhili, kama anayemtaja mtu aliyemtendea wema. "Huyu binti."

Bwana Ruhoza akaingia ndani kwa daktari. Nikasikia sauti ya Daktari Kimaryo ikipanda, kisha ikishuka. Akatoka nje, amevaa tayari barakoa yake, akanitazama muda. Akasema, "Leteni yule mzee wa ngiri kwanza." Hayo tu. Heri angenitukana.

Bwana Ruhoza alinitoa nje, upande wa nyuma ambako tulikuwa tukianika glavu kwenye kamba. Akaniuliza, "Mastaitisi ni nini?"

"Ni uvimbe wa titi, bwana."

"Itisi ndiyo uvimbe unaowaka moto. Na mast je?"

Nikatazama glavu zinavyoning'inia kwenye kamba.

"Mastos. Ni Kigiriki. Ni titi. Weka mkono nyuma ya sikio lako." Nikaweka. "Unausikia huo mfupa uliochomoza? Unaitwa mastoidi. Maana yake wenye umbo la titi. Walioupa jina waliona unafanana na chuchu. Sasa, ektomi. Ek ni nje. Tomi ni kukata. Ukikata ukafungua tu, kama kwenye jipu, hiyo ni tomi. Ukikata, ukatoa nje, kitu kikaondoka mwilini moja kwa moja, hiyo ndiyo ektomi. Herufi mbili, Perpetua. Hiyo e na hiyo k ndizo ulizomficha yule mama."

Nikasema, "Wanaliondoa titi lote?"

"Lote. Na nyama ya kifuani chini yake, na tezi za kwapani. Ana saratani. Wasipoliondoa itamla." Akavua miwani, akaifuta. "Nenda ukamwambie. Mimi naweza kumwambia, lakini uongo ameupokea kwako. Ukweli nao aupokee kwako."

Nitulie kidogo hapa niwape la kucheka, maana najua wengine mmeinamisha vichwa. Hilo somo la nyuma ya sikio lilinisaidia sana miaka ya baadaye, nilipokuwa mkubwa wa wodi. Alikuja mzee mmoja sikio linamtoka usaha, daktari akaandika mastoidektomi, yaani kutoa sehemu ya ule mfupa wa nyuma ya sikio. Mwanafunzi wangu wa uuguzi akasoma mast na ektomi, akaona ameelewa kila kitu. Nilipopita nilimkuta yule mzee amekaa kifua wazi, amenyolewa nywele zote za kifuani, ameoshwa kwa dawa mpaka anang'aa. Mzee akaniambia kwa unyenyekevu, "Nesi, sikio liko huku juu, lakini labda nyie mnapitia njia nyingine." Nilicheka hadi nikakaa chini. Yule mwanafunzi sikumgombeza. Nilimwambia aweke mkono nyuma ya sikio lake.

Turudi kwa Mama Veneranda. Nilimkuta amekaa kitandani na gauni la upasuaji, miguu inaning'inia, anashangaa kwa nini wamemrudisha. Nikapiga magoti ili tutazamane. Nikamwambia kwamba nilikosea, kwamba ndani hamna usaha, kwamba ni ugonjwa mbaya unaotembea, na daktari anataka kulitoa titi.

"Kulitoa," akarudia.

"Ndiyo, mama."

"Lote?"

"Lote."

Akaweka mkono wake wa kulia juu ya titi lile, juu ya gauni, kama anavyomfunika mtoto usiku wa baridi. Akasema, "Kwa nini ulinidanganya?"

"Sikujua, mama. Nilidhani."

"Ulidhani," akasema. Hakupandisha sauti. Akavaa nguo zake, akachukua kikapu chake, akapita mlangoni kati yetu sote. Bwana Ruhoza alijaribu kumweleza, akamsikiliza mpaka mwisho kwa adabu, akasema, "Nimesikia, baba," akaenda kusubiri gari la kwenda Kibondo.

Daktari Kimaryo aliniambia kitu kimoja tu kuhusu jambo lile. Alisema, "Nitakuwa hapa siku kumi zaidi. Nikirudi tena, huenda isiwepo sababu ya kumpasua." Nikaelewa maana yake.

Siku ya tatu nikaenda kwa Bwana Ruhoza, nikamwomba ruhusa nimfuate. Nilitegemea ataniambia ni mbali. Akasema, "Kesho landrova inapeleka dawa Kibondo. Nimeshamwambia dereva."

Kibondo tulifika jioni tumejaa vumbi jekundu hadi kwenye kope. Nililala kwa muuguzi mwenzangu, na asubuhi nikapata lori la kwenda Mabamba. Nilikuwa na jina la kilima chao kutoka kwenye faili. Nikafika kwenye kilima hicho nikakuta migomba tu na misingi ya nyumba. Watu walikuwa wamehamishiwa chini, kwenye kijiji kipya cha ujamaa kando ya barabara. Nikashuka, nikamtafuta balozi wa nyumba kumi, akanipeleka hadi nyumba ya Leonsi, mume wa Veneranda. Hapakuwa na mtu. Jirani akasema mama yuko shambani, baba kaenda kukata miti ya kujengea.

Nilimkuta anapalilia maharage. Aliniona nikiwa mbali na hakusimama. Nilipofika nikamwamkia, akaitikia, akaendelea. Nikasimama pale na viatu vyangu vyeupe, sijui la kufanya. Kulikuwa na jembe jingine limelazwa mwisho wa tuta. Nikavua viatu, nikalichukua, nikashika tuta la jirani na lake.

Tulikwenda hivyo matuta mawili. Katikati ya la tatu akasema bila kunitazama, "Unang'oa maharage yangu."

"Samahani, mama."

"Shika chini kidogo. Mpini ni mrefu kwako."

Nikashika chini kidogo. Tukafika mwisho wa tuta, akakaa, akanionyesha mahali pa kukaa. Akanipa maji ya kibuyu.

"Lile jambo lina jina?" akauliza. "Kule kwenu, mnaliitaje?"

"Mastektomi."

Akajaribu kulitamka, likamshinda katikati, akajaribu tena. "Ni Kizungu?"

"Ni neno la Wagiriki. Watu wa zamani sana. Kipande cha kwanza maana yake ibere. Cha pili maana yake kukata na kutoa nje." Nikamweleza kama Bwana Ruhoza alivyonieleza, e na k na vyote, nikamwonyesha hata mfupa wa nyuma ya sikio. Akaupapasa wake. Akatazama chini bondeni ambako mto Malagarasi hauonekani lakini unajua uko huko.

"Hao Wagiriki," akasema, "na wanawake wao waliugua hivi?"

Sikuwa nimewahi kufikiria hilo. "Bila shaka, mama. Wangetoa wapi neno?"

"Basi si mimi wa kwanza."

"Si wa kwanza. Hata hospitali kwetu si wa kwanza."

"Nilidhani ni mimi tu." Akafuta uso kwa kiganja, vumbi na machozi vikachanganyika. "Tangu nitoke kwenu nimekuwa nikijiuliza nimefanya nini. Hili ndilo walilolipenda wote saba. La kulia walikuwa wakilikataa, hili wanaling'ang'ania. Nikadhani labda nimelichosha." Akacheka na kulia kwa pamoja. "Unajua mwanangu, Leonsi sijamwambia. Nilimwambia wamenipa dawa."

"Nimwite, nimweleze mimi?"

"Oya," akasema haraka. Ni hapana ya kwetu, fupi na nzito. "Wewe ulishaeleza mara moja. Hili nitalisema mimi."

Niliistahili. Kisha akaniuliza maswali yote ambayo nilipaswa kumjibu siku ile ya wino: atalala usingizi au ataona, damu itapatikana wapi, mkono utafanya kazi, ataweza kubeba mzigo kichwani, kidonda kitanuka. Niliyoyajua nilimjibu. Mawili sikuyajua, nikamwambia, "Hili silijui mama, nitauliza." Nadhani alianza kuniamini hapo, kwenye hayo mawili.

Sikukaa kumsubiri, gari lilikuwa likirudi. Alinisindikiza mpaka barabarani, hakuahidi kitu.

Siku mbili kabla Daktari Kimaryo hajaondoka, walitokea wawili langoni, Veneranda na Leonsi. Leonsi alikuwa mwanamume mwembamba, mzito wa kusema, kofia yake mkononi muda wote. Akatoa damu bila kuulizwa mara mbili. Asubuhi yake, mlangoni, Bwana Ruhoza akainama, "Leo unakuja kufanyiwa nini, mama?"

Mama Veneranda akasema, kwa Kiha chote isipokuwa neno moja, "Nina ugonjwa mbaya kwenye ibere la kushoto. Mtaliondoa lote ili nibaki mimi. Ni mastektomi." Alilisema bila kukwama. Daktari Kimaryo ndani akageuka kumtazama. Mimi ndiye niliyeshika kinyago cha chachi cha etha, ile dawa ya usingizi, na kwa mkono wangu wa pili nikaushika wake hadi ulipolegea.

Upasuaji ulikwenda salama. Sasa sikilizeni yanayofuata, ni ya kazi. Mgonjwa wa namna ile usimchome sindano wala kumfunga kipimo cha presha mkono wa upande uliopasuliwa, maisha yake yote. Tezi za kwapa zimetolewa na mkono huo huvimba upesi. Na usimwache aufiche kifuani kama bawa lililovunjika. Utakauka hivyo hivyo. Tulikuwa tukimsimamisha mgonjwa mbele ya ukuta, anapandisha vidole ukutani polepole kama mjusi, hadi pale anapoweza, na hapo tunachora mstari kwa mkaa. Kesho yake lazima aupite ule mstari, hata kwa unene wa ukucha. Inauma sana. Wengi hulia.

Siku ya kwanza ya kufungua kidonda nilimtafuta Leonsi nimtoe nje, kama tulivyokuwa tukifanya kwa waume. Veneranda akasema, "Mwache." Nikafungua bandeji. Mahali palipokuwa na titi pakabaki tambarare, na mshono mrefu kutoka karibu na kwapa hadi katikati ya kifua. Veneranda hakujitazama. Alimtazama mumewe.

Leonsi aliangalia kwa muda. Kisha akaniuliza, "Panauma kuguswa?"

"Pembeni hapana shida, baba. Ukinawa mikono."

Akaenda kunawa, akatumia sabuni yetu nyingi mno, akarudi. Akaweka kiganja chake ubavuni pa mkewe, chini ya mshono, akakiacha pale. Veneranda akafumba macho, na pumzi aliyokuwa ameishikilia, nadhani tangu Mabamba, ikatoka.

Kuanzia siku hiyo kazi ya ukutani akaichukua Leonsi. Kila asubuhi alimsimamisha, akaweka mkono wake chini ya kiwiko cha mkewe bila kukisukuma, akasubiri. Vidole vikipanda, naye anapanda navyo. Mkaa aliuweka mwenyewe katika mfuko wa shati, ukachafua shati lote. Siku nyingine mstari ulipita wa jana kidogo sana hata sikuuona, lakini yeye aliuona, akauchora.

Mama Veneranda aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alizika wazazi wake, akaoza mabinti, na mjukuu wake mmoja alipewa jina langu, heshima ambayo hadi leo sijui niiweke wapi. Mimi nilijifunza kumuuliza kila mgonjwa aseme mwenyewe anachokuja kufanyiwa, na neno nisilolijua nikaliuliza mbele ya watu, hata mbele ya wakubwa wenye vyeo, bila aibu. Nanyi fanyeni hivyo.

Lakini nikimkumbuka, namkumbuka siku ya kuruhusiwa. Wodi nzima ilikuwa imezoea lile jambo la ukutani, wagonjwa wengine wakiwa wameinuka vitandani kutazama. Veneranda akapandisha vidole, akapita mistari yote ya mkaa, akapita usawa wa kichwa chake, akaendelea hadi mkono ukanyooka wote na kisigino kikainuka sakafuni. Leonsi akanyoosha mkono kuchora, hakufika. Alikuwa mfupi kuliko mkewe. Akasimama pale na kipande chake cha mkaa, akatugeukia, yule mtu asiyesema, akasema kwa sauti ambayo hadi wodi ya wanaume waliisikia:

"Tazameni! Mimi sifiki alipofika!"